Baba kaniuliza: hela hii ni ya wazee au ya kule kwenye simu?

Shikamoo mama. Bwana Yesu asifiwe.

Naandika saa hizi nimetoka shifti sijalala, kwahiyo nisamehe nikichanganya mambo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43, nyumbani ni Iringa ila nipo Minnesota huku Marekani mwaka wa 14 sasa. Nafanya nyumba ya wazee, zamu za usiku, kuwageuza, kuwaogesha, kuwabadilisha, ndo maisha yangu na siyalalamikii maana ndo yaliyosomesha wadogo zangu wawili. Mume wangu anaendesha lori, kuna wakati wiki mbili yuko barabarani tunaonana kwenye simu tu.

Desemba 2016 kuna kijana tulikua tunafanya nae kazi, alikua anasomea mambo ya kompyuta, kila siku bitcoin bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, mpaka tukimuona tunamkimbia. Siku moja tumekaa tunakula akanifungulia akaunti, nikaweka dola 1,500 nilizokua nimetunza za tiketi ya kwenda nyumbani Krismasi, safari ilikua imeharibika kwa mambo ya makaratasi na nilikua na hasira, sijui hata kwanini nilikubali. Nikapata bitcoin mbili kasoro kidogo. Akanisaidia kuzihamishia kwenye waleti, yaani pochi ya kidijitali, akanipa yale maneno 24 ya siri ya kuifungulia niyaandike, nikayaandika kwenye karatasi nikaichomeka nyuma ya Biblia yangu, basi.

Mwisho wa 2017 moja ikakaribia dola 20,000, mwaka uliofuata ikaporomoka mpaka elfu tatu na kitu, nikasema ndo yaleyale. 2021 ikafika kwenye 69,000, afu Novemba 2022 lile soko kubwa la sarafu hizi, FTX, lilivyoanguka ikarudi 16,000. Nikaacha kuangalia kabisa. Desemba 2024 nasikia watu wanasema imevuka laki moja. Mama, nilikaa kwenye gari nje ya kazini nikafungua ile apu nikaona karibu dola laki mbili, nusu bilioni ya kwetu. Nililia. Sio kwa furaha, niliogopa.

Hapo ndo nilipokosea. Sikumwambia mume wangu. Anajua nilinunua "kitu cha mtandaoni" zamani, hajui ni kiasi gani. Nilienda kumwambia mchungaji. Sisi tuna ushirika wetu mdogo wa Waswahili, tunakodi ukumbi Jumapili mchana, nikaona ndo mtu wa kumwambia. Akafurahi sana, akaniombea, akasema kwanza zaka, dola 20,000, kabla sijafanya lolote, akanisomea Malaki 3. Wiki iliyofuata akaniita tena akanionyesha kwamba yeye na watumishi wenzake wana sarafu yao ya kidijitali ambayo Mungu amewafunulia, ukiingia mapema itazaa mara kumi, na faida itajenga kituo cha yatima Tanzania. Akasema nihamishie zangu zote huko, nisimwambie mtu mpaka "mlango ufunguke". Nilipouliza maswali akasema roho ya Mamoni, ya kupenda mali, ndo inayouliza.

Upande mwingine kuna kaka mmoja palepale kanisani anasema hela zote za kidijitali ni 666, nitoke humo kabla sijapigwa chapa.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni baba. Baba ni mwinjilisti mstaafu wa KKKT, amehubiri vijiji vya kwetu maisha yake yote kwa baiskeli. Nilimpigia nikamweleza. Akanyamaza, akasema hela isiyo na jasho haikai mwanangu, na ikikaa inakula mtu. Mwezi uliopita nimemtumia dola 300 za hospitali, miguu inamvimba, kabla hajazigusa akauliza: hizi ni za wazee au ni za kule? Nikamwambia za wazee baba. Ndo akaenda hospitali.

Na sitaki kukuficha, zimenibadilisha. Naangalia bei usiku mzima. Wiki mbili zilizopita nilimuweka bibi mmoja kwenye kiti cha chooni nikatoka koridoni kuangalia simu, bei ilikua inashuka, nikarudi nimechelewa nikamkuta anatetemeka kwa baridi, ananiita jina la marehemu dada yake. Hakuna aliyejua. Mimi najua.

Naomba uniambie mama, hii hela ni dhambi? Niitoe yote nipumzike? Nusu? Na nimpe nani?

Mwanao, Minnesota.

JIBU

Marahaba mwanangu. Amina, asifiwe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimekua mhazini wa usharika huku Uingereza miaka mingi, nimehesabu sadaka kwenye vikapu na baadae kwenye zile mashine za kugusa kadi ambazo Kanisa la Anglikana lilizileta 2018 kwa makanisa elfu 16 na zaidi, kwahiyo hela na madhabahu nimeviona vikikutana kwa namna nyingi. Ngoja nianze na la haraka.

Hiyo sarafu ya mchungaji usiingie. Hata dola moja. Na yale maneno 24 usimpe mtu yeyote ayaone, asikuombee akiwa ameyashika, asikusaidie "kuhamisha", hapana. Mwenye maneno yale ndo mwenye hela, hakuna benki ya kwenda kulalamika.

Sisemi mchungaji wako ni mwizi, simjui, inawezekana kabisa na yeye kadanganywa na wenzie na anaamini kwa moyo wote. Ila hadithi hiyo imeshatokea hukohuko Marekani. Denver, Colorado, mchungaji mmoja wa mtandaoni na mkewe waliuza sarafu inaitwa INDXcoin, wakawaambia Wakristo kwamba Mungu ndiye aliyesema watatajirika. Januari 2024 wasimamizi wa mitaji wa jimbo wakawafungulia kesi, wakisema wamekusanya karibu dola milioni 3.2 kutoka kwa watu zaidi ya 300 na kwamba milioni 1.3 ziliishia kwenye maisha yao wenyewe. Mchungaji akatoka kwenye video akakiri kwamba hela hiyo wameichukua kweli, na nyingine imekarabati nyumba yao kwa sababu Bwana aliwaambia. Julai 2025 wakafunguliwa mashtaka ya jinai, makosa 40. Walionunua wengi ni watu wa kanisa, wanaomwamini mtu kwa sababu anasali kama wao.

Na usidhani ni sababu ya bitcoin. 1995 intaneti bado changa, kuna mfuko mmoja Pennsylvania unaitwa New Era uliwaambia vyuo vya Kikristo na mashirika ya misheni leteni hela mtuachie miezi michache, kuna wafadhili wa siri watawarudishia mara mbili. Wasomi, wanatheolojia, watu wenye bodi na mawakili, wakapeleka. Wafadhili wa siri hawakuwepo, wa mwanzo walikua wanalipwa hela ya wa nyuma, kama upatu unavyokuwa. Kiongozi wake alifungwa miaka 12. Ukisoma barua yako tena utaona vitu vilevile: faida kubwa imechanganywa na yatima, haraka, siri, na ukiuliza unaambiwa una roho mbaya. Sadaka hairudi mfukoni mara kumi, na biashara haina haki ya kukutishia na Malaki. Kituo cha yatima kinajengwa kwa kibali, kiwanja, ramani na hesabu zinazokaguliwa, muombe akuonyeshe hivyo. Na hiyo sarafu muulize imesajiliwa wapi, afu piga simu idara ya biashara ya jimbo la Minnesota, wale ndo wanaosimamia uuzaji wa mitaji, waulize kama wanaijua. Ni simu moja tu.

La pili la haraka ni mumeo. Ongea nae akirudi safari hii. Ulimwambia mchungaji kabla ya mwanaume mnayelala kitanda kimoja na sasa mchungaji anakwambia usimwambie mtu, unaona ulivyobaki peke yako katikati. Wengi tunawakumbuka Anania na Safira kwa hofu, tunadhani waliuawa kwa kubakiza hela. Rudi Matendo 5 usome taratibu. Petro anamwambia Anania kiwanja kilikua chako, na baada ya kukiuza hela ilikua mikononi mwako, yaani ungeweza kubakiza. Kosa lilikua uongo. Kwahiyo mwambie mumeo kiasi chote, na umwambie umechelewa kumwambia. Atakasirika, ana haki, mpe siku zake.

Sasa tuje kwa baba yako.

Mimi baba yako nimempenda kupitia barua tu. Swali lake la "hizi ni za wazee au za kule" ndo swali ambalo Kanisa la Magharibi limeulizana kwa karne na karne, hela imetokaje na imempitia nani. Mtaguso wa Laterani wa 1179, mkutano mkuu wa maaskofu, uliamua mtu anayejulikana kwa kukopesha kwa riba asipewe ushirika mtakatifu wala maziko ya Kikristo, kwa sababu waliona anavuna asipotoka jasho, hela inazaa hela yeye amelala. Maneno ya baba yako kabisa. Afu miji ya Italia ikawa ya mabenki, na 1462 kule Perugia watawa Wafransisko, watu walioapa umaskini, ndo wakafungua nyumba ya mikopo ya dhamana ndogo kwa maskini ili wasinyonywe na wakopeshaji, na wakawa wanatoza riba kidogo ya kuendeshea. Wakapigiwa kelele sana. Calvin nae, yule mwanamageuzi wa Kanisa, 1545 akaandika barua akasema sio riba zote ni sawa, mfanyabiashara anayekopa apanue biashara sio sawa na maskini anayekopa ale, huyo maskini usimtoze. Kila hela ilipobadilika sura watu wa Mungu walihangaika, na swali lililobaki mwisho ni moja, maskini amefanywaje hapa.

Ukiuliza leo Wakristo wa Marekani kuhusu bitcoin hawajakubaliana. Wako wanaoipenda, wanasema zimewekewa kikomo cha milioni 21, hakuna serikali ya kuchapisha zaidi, na Mithali 11 inachukia mizani ya hadaa, kwahiyo hela inayopunguzwa thamani kila mwaka na wakubwa ndo mizani ya hadaa yenyewe. Wako wanaosema ni kamari imevaa suti, haijaotesha hata mche mmoja wa mahindi, unapata kwa sababu tu mwingine amenunua ghali kuliko wewe. Mimi naona wote wameshika kipande. Kununua kwa dola 1,500, ukakaa miaka minane bila kumdanganya mtu, bila kukopa, bila kumuuzia jirani ndoto, sioni dhambi hapo. Na mwambie baba kwamba zile 1,500 zilikua jasho, zamu za usiku kabisa, zilikua tiketi ya kuja kumuona yeye. Kilichoongezeka juu yake hukukitolea jasho, hapo amesema kweli, na ndo maana usikishike kama mtu aliyekitolea jasho.

Dhambi nimeiona sehemu nyingine ya barua yako, na wewe pia umeiona ndo maana umeandika. Ni zile dakika koridoni. Yule bibi alikua anatetemeka na wewe unaangalia namba inashuka. Mathayo 6 inasema hazina yako ilipo ndipo na moyo wako utakapokuwa, usiku ule moyo wako ulikua kwenye simu na mikono yake mizee ilikua inakuita. Siandiki hivi nikupige, umeshajipiga vya kutosha. Naandika kwa sababu wewe unauliza kama hela ni chafu, unataka kuitupa ukidhani uchafu utaondoka nayo, na ukiitupa bila kuangalia dakika zile utabaki mtu yuleyule, kesho kitu kingine kitakuita koridoni. Kamsalimie yule bibi. Kaa nae mapumziko yako, mfunike miguu, hata kama hakumbuki. Na futa ile apu ya bei kwenye simu unayoenda nayo kazini, bitcoin zako hazikai kwenye apu hiyo, hazitapotea.

Huyo kaka wa 666 nitamjibu kwa kifupi. Bidhaa ya kwanza ya dukani kupitishwa kwenye mashine ya kusoma ile mistari ya bei (barcode) ilikua pakiti ya chingamu, Ohio, Juni 1974, na baadhi ya Wakristo Marekani wakasema mistari ile ndo chapa. Ufunuo 13 inaongelea kumsujudia mnyama, sura nzima ni ibada. Ila woga wake una mbegu ya ukweli, hela ya kidijitali inayoshikwa na serikali peke yake inaweza kuwa kamba shingoni. Canada Februari 2022, wakati wa maandamano ya madereva wa malori, akaunti za watu zilifungiwa bila amri ya mahakama, na michango mingi ya maandamano yale ilikua imepitia jukwaa la Kikristo la kuchangishana. Benki Kuu ya Ulaya inaandaa yuro ya kidijitali, Marekani rais alizuia dola ya namna hiyo kwa amri ya Januari 2025. Kwahiyo mjadala upo na ni wa maana. Lakini bitcoin haijatolewa na serikali yoyote, ni kinyume chake. Na muulize huyo kaka sadaka ya nyumbani anaituma kwa nini kama sio kwa simu, mama zetu Iringa wanapokea hela isiyo na noti wala harufu kila wiki na wananunulia unga.

Haya, utoe yote? Umeandika "niitoe yote nipumzike". Neno nipumzike ndo lililonikamata. Florence karne ya 15 kulikua na tajiri wa benki, Cosimo de' Medici, dhamiri ilimsumbua kuhusu mali yake ilivyopatikana, inasimuliwa alimuuliza papa Eugenius IV afanyeje, akaambiwa atumie hela kuitengeneza nyumba ya watawa ya San Marco. Akaitengeneza, akamwaga kuliko alivyoambiwa, ipo hadi leo na michoro ya Fra Angelico kwenye kila chumba cha mtawa, ni nzuri mno, nimesimama pale nikatokwa machozi. Lakini benki iliendelea kama kawaida Jumatatu. Alilipa faini. Nimeona hicho kitu kwenye usharika wetu mara nyingi, mtu anakuja na bahasha nene na macho hayatazami, anataka nimpe risiti ya amani. Risiti hiyo sina mimi wala mchungaji wako. Paulo amesema Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu, na mtu anayelipa faini hana ukunjufu, ana haraka ya kutoka mahakamani.

Na Yesu mwenyewe hakuwapa matajiri dawa moja. Yule kijana aliambiwa auze vyote kwa sababu vilikua vimemmeza. Zakayo alisema nusu, hakuna aliyemwambia haitoshi. Wale akina mama wa Luka 8, Yoana na Susana na wenzao, walibaki na mali zao na wakawa wanamhudumia kwazo safari hadi safari, ndo waliolisha huduma nzima. Mimi nikikuangalia wewe nakuona upande wa Yoana.

Kiasi gani? Napenda alivyofanya John Wesley, yule mwanzilishi wa Wamethodisti. Kijana pale Oxford alikua anapata pauni 30 kwa mwaka, akaona 28 zinamtosha, akatoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60, akaishi kwa zilezile 28 akatoa 32. Ikawa 90, ikawa 120, bado 28. Hakuanza na asilimia, alianza na swali nyumba yangu inatosheka na nini. Kaeni wewe na mumeo na daftari. Wekeni deni, matibabu ya baba, ada za watoto, akiba ya uzeeni maana mgongo wako wa kugeuza watu hautadumu, 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani kwahiyo hilo ni ibada vilevile. Andikeni namba. Iliyo juu ya namba hiyo ni ya kutoka, na ikipanda tena ile namba isipande nayo.

Zile dola 20,000 za zaka usibebeshwe kama mkopo uliochelewa. Hujauza kitu, una bei tu kwenye kioo na mwezi ujao inaweza kuwa nusu, umeshaiona ikifanya hivyo. Ukitaka kuona hizi asilimia zilivyo mipango ya wanadamu, angalia Ujerumani, kule walikotoka waliokuja kuhubiri kwenu Iringa. Serikali inamkata muumini kodi ya kanisa, asilimia 8 ya kodi yake ya mapato kule Bavaria na Baden-Württemberg na 9 kwingine, lakini bitcoin aliyokaa nayo zaidi ya mwaka haikatwi kodi ya mapato akiuza, kwahiyo na kanisa halipati kitu. Ungekuwa unaishi Stuttgart na bitcoin zilezile kanisa lisingekudai senti. Toa zaka ukiuza, kama ndo ulivyofundishwa na moyo wako unaitaka, na toa mahali unapoona hesabu.

Sasa hapa kuna jambo la kazi ambalo mchungaji wako hakukwambia. Marekani, tangu 2014, IRS, yaani mamlaka ya kodi, inaihesabu bitcoin kama mali, sio kama hela. Ukiuza leo unalipa kodi ya faida, kwa watu wa kipato cha kati mara nyingi ni asilimia 15 ya serikali kuu, bado ya jimbo, na faida yako ni karibu yote maana ulinunua kwa 1,500. Lakini sehemu unayotaka kuitoa, usiiuze, toa bitcoin yenyewe moja kwa moja kwa shirika la hisani lililosajiliwa, kwa kuwa umeishika zaidi ya mwaka hulipi kodi ya faida na bado unaweza kuruhusiwa kupunguza mapato yako ya kukatwa kodi kwa thamani yake ya siku hiyo, mpaka asilimia 30 ya mapato ya mwaka, inayozidi inasogea miaka inayofuata. Ikizidi dola 5,000 inatakiwa tathmini ya mtaalamu anayekubalika na fomu ya kodi namba 8283. Yaani kutoa kilekile unaweza kumfikishia mhitaji zaidi bila wewe kuumia zaidi. Tafuta mhasibu wa kodi mwenye kuelewa sarafu hizi, mlipe, usimtumie binamu. Za kumtumia baba na ndugu haziingii humo, hizo ni zawadi tu.

Mashirika yanayopokea yapo mengi, Save the Children walianza 2013, Msalaba Mwekundu wa Marekani 2014, Jeshi la Wokovu pia. Mwisho wa 2017, wakati wewe unapata homa ya zile 20,000, kuna mtu ambaye hadi leo hatumjui aliyejiita Pine alianza kutoa, jumla ikafika bitcoin 5,104, zaidi ya dola milioni 55, kwa mashirika 60. Dola milioni 5 zilienda GiveDirectly, wanaotuma hela moja kwa moja kwa familia maskini, wakiwemo wanakijiji wa Kenya kupitia M-Pesa. Fikiria, sarafu ambayo haijawahi kushikwa na mkono ikawa bati juu ya nyumba, na mkono wa kushoto haujui mpaka leo. Na hukohuko uliko, Walutheri wa eneo la Saint Paul wana undugu na Dayosisi ya Iringa miaka mingi, wanauita Bega kwa Bega, anza kuuliza hapo, maana huko kuna watu unaoweza kuwapigia simu ukauliza bati zimefika au hazijafika.

Usiwatangazie ukoo. Ukianza kusaidia nyumbani saidia kitu chenye jina, ada ya fulani, dawa za fulani, kisima cha mtaa fulani.

Kitu kimoja kuhusu nani wa kumpa. Mwaka 258 Roma, shemasi Laurenti alidaiwa na mkuu wa mji alete hazina za Kanisa. Simulizi inasema aliomba siku tatu, akagawa kila kilichokuwepo, siku ya tatu akaja na vilema, wajane, vipofu, akasema hazina ndo hizi. Walimuua. Mimi nikihesabu sadaka huwa namkumbuka, na nakuomba umkumbuke mtu akikwambia hazina iwekwe mahali fulani na isiulizwe. Wewe hazina unaigeuza ubavu kwa ubavu kila usiku kwa mshahara mdogo, tayari unaijua ilivyo nzito.

Baba mpigie tena, ila sio kumshawishi. Mwambie umemwambia mumeo. Mwambie na habari ya yule bibi, mwinjilisti aliyezunguka kwa baiskeli amesikia makubwa zaidi ya hayo. Na akiendelea kutaka hela ya hospitali itoke kwenye mshahara wako, mtumie ya mshahara, usibishane nae, hiyo ni heshima anakupa.

Karatasi ya maneno 24 itoe kwenye Biblia leo, Biblia inaazimwa, inasahaulika kanisani. Andika nakala mbili kwa mkono, usipige picha, moja iwe kwenye sanduku linalofungwa na mumeo ajue lilipo, nyingine mbali na nyumba. Ukimaliza kuongea nae niandikie alivyosema.